Mwambie Dereva

Nianze na uongo, maana safari yenyewe ilianza nao. Mwezi wa Juni, mwaka juzi, nilimpigia mama simu nikamwambia nimekata tiketi ya basi, Jumatano naondoka Dar, usiku huohuo niko Tukuyu. Akafurahi. Akaniuliza nimepata siti ya wapi. Nikasema dirishani, upande usiopigwa na jua. Nilipokata simu nikarudi uani kuendelea na kazi niliyokuwa naifanya: kufunga begi kwenye keria ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni Boxer ya cc 150, zile zile wanazotumia bodaboda. Nilikuwa naiendesha miaka miwili kati ya Kimara na kazini bila mama kujua, kwa sababu nyumbani kwetu pikipiki ni neno lisilotajwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa bodaboda, akafariki mwaka 2014 kwenye mteremko wa kushukia Kiwira. Tangu siku ile pikipiki haiingii uani kwetu. Bodaboda akileta mgeni, anamshusha barabarani kwenye mparachichi, na mgeni anamalizia kwa miguu, hata awe na gunia la mchele. Mama hagombi na mtu. Anatoka tu mlangoni, anasimama njiani, na watu wanaelewa.

Mtu akiniuliza kwa nini sikupanda basi kama wenzangu, naweza kusema mambo mengi kuhusu uhuru na upepo. Ukweli ni kwamba kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa shule ya msingi, nikiwa kidato cha pili. Alikuwa anakimbia nyuma yangu ameshika keria, kama anayemfundisha mtoto baiskeli. Baada ya kifo chake nilipita Kiwira mara nyingi nikiwa ndani ya basi, na kila tukikaribia nilifumba macho. Nilitaka nipite pale mara moja tu macho yakiwa wazi, na breki zikiwa mikononi mwangu. Hilo sikuwa na namna ya kumweleza mama kwenye simu. Nikachagua basi.

Niliondoka saa 10 na nusu alfajiri ili niwahi kutoka mjini kabla magari hayajajaa. Kibaha nimeipita na giza, Mlandizi kunapambazuka. Saa 1 na dakika chache nilikuwa Chalinze, nakunywa chai kwa chapati, simu ikaita.

"Mmefika wapi, baba?"

"Chalinze, mama."

Kimya kidogo. "Chalinze? Si ulisema basi linatoka saa 12?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba uongo una hesabu zake. Basi lililotoka Mbezi saa 12 haliwezi kuwa Chalinze saa 1. Nikasema tuliondoka mapema kidogo, dereva alikuwa na haraka.

"Mwambie apunguze mwendo," akasema mama. "Barabara haikimbii."

Kuanzia pale nikawa naendesha safari mbili. Moja ilikuwa ya kwangu, kilomita 60 au 70 kwa saa, na kila baada ya saa moja na nusu nashuka kunyoosha mgongo. Ya pili ilikuwa ya basi lisilokuwepo, ambalo nilipaswa kujua kila dakika liko wapi. Asubuhi nilikuwa mbele ya basi langu. Morogoro, nikiwa tayari najaza mafuta sheli, Milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika mawingu, nilimwambia mama tunakaribia Mikese. Mchana mambo yakageuka, basi likawa linanitangulia, na mimi ndiye niliyekuwa nalikimbiza.

Kwa asiyewahi kupita barabara hii kwa pikipiki, niseme kidogo. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na ni barabara ya mizigo kabla ya kuwa ya watu. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilibaki imebanwa, shaba yake haina pa kupitia na mafuta hayana pa kuingilia. Malori yakaanza kupita huku, enzi hizo sehemu kubwa ikiwa vumbi na matope, na ajali zikawa nyingi kiasi kwamba ikapewa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA, halafu reli ya TAZARA, na lami nayo ikatandikwa. Lakini malori hayakuondoka. Mpaka leo yanashuka na shaba na kupanda na mafuta na makontena, na wewe uliye juu ya cc 150 ndiye mdogo kuliko wote.

Unajifunza haraka lugha yao. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, maana yake usithubutu kupita, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto, pita. Gari linalokuja likikuwashia taa mara mbili, polisi wako mbele. Semi likikupita kwa kasi, kwanza linakusukuma kwenye majani, halafu linakuvuta kurudi nyuma yake. Unabana tangi kwa magoti, unalegeza mikono, unasubiri upepo uishe. Ukikaza mikono ndipo pikipiki inapoyumba. Hili la mwisho nilifundishwa na kaka, pale uwanjani, ambapo hapakuwa na semi hata moja. Sikuelewa alikuwa ananiandaa kwa ajili ya nini.

Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Mwanzoni kuna ubao unaotaja faini ya kugonga kila mnyama. Ukiwa ndani ya basi unausoma kama kichekesho. Ukiwa juu ya pikipiki unajiuliza nani atamlipisha faini tembo akikugonga wewe. Nyani walikuwa wamekaa pembezoni kama watu wanaosubiri daladala. Twiga nao walikuwepo, na pundamilia. Karibu katikati ya hifadhi nikakuta lori limesimama, nami nikasimama nyuma yake, kumbe mbele kuna tembo wawili na mtoto wao wanavuka, taratibu, kama barabara wameijenga wao. Utingo akachungulia dirishani, akaniona nilivyokuwa natazama.

"Mdogo wangu, usipite. Kaa hapa upande wa kushoto, twende pamoja."

Dereva akaondoa lori polepole, mimi nimejificha ubavuni kama kifaranga, mpaka tulipowaacha tembo mbali. Kisha akawasha indiketa ya kushoto. Nikapita, nikapiga honi, sikumwona tena. Simu iliita nikiwa hifadhini, sikupokea. Nilipompigia mama baadaye nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya, na hilo angalau lilikuwa karibu na ukweli.

"Mbona simu yako leo ina upepo mwingi?" akauliza.

"Dirisha liko wazi, mama."

"Lifunge. Utapata kifua."

Ukishaiacha Mikumi mjini, barabara inaingia bonde la Mto Ruaha, na joto linakupokea kama mtu aliyefungua oveni. Mibuyu imesimama huku na huku, mamia kwa mamia, haina majani wakati huo wa mwaka. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye mafungu mekundu. Hapo nikasikia mlio chini ya mguu: cheni imelegea, inapiga kwenye kava. Fundi alikuwa kijana mdogo chini ya kibanda cha makuti, ana spana tatu na kopo la oili chafu. Alikaza cheni, akaisokota tairi ya nyuma kwa mkono, akaikaza tena kidogo.

"Unakwenda wapi, bosi?"

"Tukuyu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akanitazama, akatazama begi, akapima shinikizo la upepo kwenye matairi bila kuombwa. "Kitonga usifukuzane na basi," akasema. "Mabasi yanapanda na hasira." Alikataa pesa ya upepo. Alichukua ya cheni tu.

Mlima Kitonga nimeupanda mara nyingi nikiwa abiria, nikila mahindi ya kuchemsha. Sikujua ni mlima wa namna gani. Kona zinafuatana, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine. Malori yanapanda gia ya kwanza, unaweza kutembea kwa miguu ukayapita. Yanayoshuka yanakuja na harufu ya breki zilizoungua. Ukiona matawi mabichi yamewekwa barabarani, ujue mbele kuna lori limekufa kwenye kona. Nilipanda gia ya pili, injini inalia, moto wa bomba unapenya kwenye suruali.

Katikati ya mlima basi likanifikia. Halikuweza kunipita mara moja kwa sababu ya lori lililokuwa mbele yetu, kwa hiyo tukapanda bega kwa bega kwa muda, mimi pembezoni kabisa, lenyewe linanguruma kulia kwangu. Niliinua macho nikasoma jina ubavuni. Ilikuwa kampuni ileile niliyomtajia mama. Yaani lile ndilo basi langu. Kwenye dirisha moja kulikuwa na dada amejifunga kitambaa kichwani, amenitazama moja kwa moja. Nikageuza uso mbele. Lori likakaa pembeni, basi likaongeza moto, likaondoka na ile siti yangu ya dirishani ambayo mwingine ameikalia.

Ilula nilisimama kwenye matenga ya nyanya nikampigia mama. Nikasema tuko Iringa, tunakula.

"Umekula nini?"

"Wali kuku."

Nilikuwa nimeshika ndizi mbili.

Nilifika Iringa jua linakaribia kuzama. Miguu ilikuwa inatetemeka, mikono imekufa ganzi kuanzia vidoleni, na machozi ya vumbi yamekauka mashavuni. Nilikuwa nimejiapiza kutoendesha usiku, na hilo sikulivunja. Nikatafuta gesti pale chini Ipogolo, nikaingiza pikipiki ndani ya geti, nikakaa kitandani na viatu. Tukuyu mama alikuwa anapika. Nilikuwa najua hata anachopika: ndizi na maharage, na sufuria ya chai ya maziwa pembeni. Nikapiga simu nikasema basi limeharibika Iringa, fundi amekosa kifaa, tutalala hapa mpaka kesho.

Alinyamaza. Nilisikia moto unapasuka jikoni.

"Haya," akasema. "Kuharibika ni kwa vyombo."

Nikaoga, nikalala. Saa 4 usiku simu ikaita tena. Nilishtuka, maana mama hulala saa 3.

"Umelala?"

"Nilikuwa nasinzia."

"Sikiliza. Huyo dereva wenu, mwambie kesho asiondoke kabla jua halijatoka. Mafinga kuna ukungu."

"Nitamwambia."

"Mwambie avae nguo nzito. Makambako kuna baridi mwezi huu, inaingia kifuani. Kama hana koti, aweke hata gazeti ndani ya shati."

Nikacheka kidogo. "Mama, dereva yuko ndani ya basi."

"Wewe mwambie tu," akasema. "Usiku mwema, baba."

Nilikaa nimeshika simu, nikidhani mama amezeeka ghafla. Asubuhi, kabla ya kutoka, nilinunua magazeti mawili nikayaweka ndani ya shati. Sijui kwa nini. Baridi ya Mafinga siwezi kuisimulia vizuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misitu ya misonobari ya Sao Hill, malori ya mbao yanatokea humo yamewasha taa, na bila yale magazeti nadhani ningesimama kila kilomita kumi. Nilifika Makambako midomo imegoma kutamka. Muuza chai alinipa kikombe, akanishikia mpaka vidole vikapata nguvu.

Simu ikaita. Mama hakuuliza tumefika wapi.

"Dereva amekunywa chai?"

"Anakunywa, mama."

"Anywe na ya pili."

Nikanywa na ya pili. Baada ya Makambako barabara inashuka kwenda uwanda wa Usangu, Igawa, Chimala, Igurusi, milima iko kushoto na mashamba ya mpunga kulia, na ubaridi unakwisha kama umezimwa. Nilitoa magazeti nikayakunja vizuri, nikayarudisha kwenye begi. Akili ilikuwa imeanza kunielekeza, lakini nilikuwa sitaki kuifuata. Uyole nikakata kushoto. Hapo nikajua niko nyumbani, kwa sababu watu waliacha kunishangaa.

Kutoka Uyole unapanda kwanza, kuna viazi, kuna mawingu, kisha unaanza kushuka. Mlima Rungwe unajitokeza. Hewa inageuka, inanuka udongo mbichi na migomba. Nilishuka gia ya tatu, kisha ya pili, macho wazi. Mahali penyewe nilipafahamu kwa mti wa mlingoti uliokuwa pale siku ya msiba. Umekatwa, umebaki kisiki kinachochipua. Kuna kibanda cha vocha sasa, na mtoto wa kike alikuwa anauza maparachichi kwenye beseni. Nikasimama, nikazima injini.

Nilidhani nitalia, au nitasema kitu. Sikusema. Magari yalipita. Mtoto akaniuliza nataka ya shilingi ngapi. Nikanunua manne. Nikawasha pikipiki, na wakati naondoka niligundua kwamba nimelegeza mikono na nimebana tangi kwa magoti, vilevile alivyonifundisha.

Mama alikuwa amesimama kwenye mparachichi. Hakuniambia atakuja barabarani, na mimi sikuwa nimemwambia nitafika saa ngapi. Alikuwa na khanga mabegani na mikono imekunjwa. Nilizima injini mita kama thelathini kabla, nikashuka, nikaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka alipo. Nikapiga goti. Hakunipa mkono mara moja. Aliitazama pikipiki kuanzia taa ya mbele mpaka namba ya nyuma, akagusa kidogo begi, akaona lilivyofungwa.

"Dereva amefika salama?" akauliza.

"Amefika, mama."

"Amechoka?"

Hapo ndipo nililia. Si Kiwira, ni hapa.

Baadaye, nikiwa nimeshaoga na kula, alinieleza. Usiku ule, saa 3, binti wa jirani yetu alikuwa ameshuka kutoka Dar, mzima, kwa basi lilelile nililomtajia. Mama akamuuliza lilivyoharibika Iringa. Binti akashangaa, akasema halikuharibika hata taa. Kisha katika kusimulia safari akasema Kitonga waliongozana na mtu wa pikipiki, ana begi nyuma, yuko peke yake, na alivyokaa, bega la kushoto chini, alimkumbusha marehemu.

"Nikajua," akasema mama.

"Sasa mbona hukunigombeza? Ungenipigia ukanigombeza."

"Ukiwa njiani?" Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto wa mwisho asiyeelewa kitu duniani. "Mtu aliye njiani hagombezwi. Angekasirika, akaongeza mwendo. Nilisema nimpe maneno ya kumfikisha. Ya kugombana tutayasema hapa."

Na tuliyasema. Sitayaandika yote. Alisema mimi nilifikiri namficha yeye hofu, kumbe nilimwachia hofu nikamnyang'anya mahali pa kuiweka. Kama angejua tangu Chalinze, angekuwa na mimi Chalinze. Badala yake alikaa siku nzima na basi. Alisema jambo la kaka ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba naye siku ile alimwambia yuko kijiweni tu, haendi mbali. Alilisema akiwa anachambua maharage, hakuinua uso.

Nimezoea kusoma simulizi za watu wanaosafiri peke yao, na nyingi zinasema barabara ilimfundisha mtu kujitegemea. Mimi barabara ilinifundisha nilivyo tegemezi. Nilitegemea lori la mtu nisiyemjua, spana ya kijana wa Ruaha Mbuyuni, muuza chai aliyenishikia kikombe. Zaidi ya hao wote, nilimtegemea mwanamke aliyekaa jikoni Tukuyu akinivalisha gazeti kwa simu, huku nikidhani nimemdanganya.

Pikipiki haikuingia uani. Ililala kwa jirani, kwenye banda, imefunikwa turubai, na ufunguo uko kwenye kopo la mama la vifungo. Siku ya kurudi Dar nilipanda basi. Siti ya dirishani, ya kweli safari hii. Tulipofika Kitonga, safari hii tukishuka, simu ikaita.

"Mmefika wapi?"

"Kitonga, mama. Tunashuka."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Mpe simu aliyekaa karibu yako."

Aliyekuwa karibu yangu ni mama mmoja wa makamo aliyepakata kikapu. Nikamweleza, nikaona aibu, nikampa simu. Akaiweka sikioni. "Ndiyo dada yangu, tuko Kitonga. Ndiyo, yupo, amekaa hapa. Hapana, hajala, nitampa karanga." Wakaendelea kuongea, habari za mvua, bei ya ndizi, watoto wa siku hizi, mpaka mtandao ulipokatika bondeni kwenye mibuyu.